Simu Inaita Woolwich

Wiki nzima Euphrasie alilinda simu ya mezani nyumbani kwake Woolwich. Vita vilikuwa vimeingia kwao Uvira, na mdogo wake Fortunat alikuwa ameahidi kuvuka mpaka na Shekinah, binti yake Euphrasie aliyebaki huko, kisha apige namba hiyo, pekee aliyokuwa nayo. Simu ikanyamaza kama imenuna. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akajisemea kuwa ni ile kampuni inayounganisha simu za Afrika ndiyo inayozimeza, akafunga mlango, akapanda feri na mabasi mawili hadi Ilford kwenda kumtolea mtu uvivu.

Hasira hiyo nayo, jamani! Angeiacha nyumbani ipokee simu.

Aliyemkuta ni Alnashir, fundi wa mitambo, bwana wa makamo mzaliwa wa Mombasa. Akammwagia shutuma zote.

"Hatuli simu za watu, mama," akasema kwa upole. "Njoo tuangalie pamoja."

Akafungua kioo cheusi cha kompyuta, maandishi matupu. Mistari ilikuwa ikiteremka mbio, kila simu iliyopita ikiacha wake. Akaandika amri moja pamoja na namba ya Euphrasie, na mistari ya watu wengine ikatoweka yote.

"Umeona? Hakuna aliyekupigia. Akipiga, itatokea hapa hapa."

"Basi niko nangoja," akasema Euphrasie, akavuta kiti.

Chai aliyopewa haijapoa, mstari ukatokea.

"Bujumbura!" Alnashir akaruka. "Amevuka!"

Euphrasie akapiga kigelegele, kisha akakikatiza. "Inaita wapi?"

"Kwako, mama. Nyumbani."

Nyumbani hakukuwa na mtu.

"Ulete hapa! Uikamate, papa, nakuomba!"

"Siwezi. Mimi hapa nasoma tu. Hata namba anayoitumia kupiga haionekani, ni mji tu."

Mstari wa pili ukatokea: inaita. Euphrasie akakishika kioo kwa mikono miwili, akamwita Fortunat kwa sauti, kama kwamba atamsikia. Alnashir alisimama nyuma yake, hajui aweke wapi mikono. Ukaja wa tatu: haikupokelewa.

Wakangoja. Chai ikapoa. Hakuna kilichoongezeka.

"Fortunat ni muzima," akasema Euphrasie hatimaye. "Na Shekinah? Haijaandikwa pale kama eko na mutoto?"

Alnashir akaisoma tena mistari yote mitatu, neno kwa neno, ingawa alijua.

"Haijaandikwa, mama."