Ukuta wa Kutua Mzigo

Siku ambayo Muamba hakurudi ilikuwa Jumanne. Asubuhi kazini walikuwa wamewasomea barua: watu wa mkoa wa Kasai wote waache kazi. Muamba alipita nyumbani kunywa maji, akasema anarudi mgodini Mashamba vilevile, kwa sababu pampu yake imeharibika na shimo linajaa.

"Maji hayajui kabila," alimwambia mkewe, akatoka.

Jioni wenzake walipita bila yeye. Kesho yake vijana wakaja na mawe, na Tshibola, mkewe, akahamia stesheni ya treni na watoto wawili na cherehani.

Wiki tatu zikapita juu ya saruji ya stesheni, katikati ya magodoro na masufuria ya watu waliofukuzwa kama yeye. Tshibola hakukaa. Kila siku alizunguka: Mashamba, Kingamyambo yanakomwagwa mabaki ya mgodi, hospitali, chumba cha maiti, kisha nyumbani kwao, kuona kama mume amerudi huko. Kila alipokwenda, cherehani ilikuwa kichwani, imefungwa kwa kitenge. Watoto aliwaacha kwa katekista Ngeleka, naye wa Kasai, aliyelala na jamaa yake godoro la pili.

"Batoto unaniachia, mashini unakatala?" Ngeleka alimuuliza.

"Batoto beko na miguu, tata. Mashini haina."

Mtaani walimwita Mama Nguvu, na jina lile alilipenda. Watu wa pale, mwenye mzigo akikuomba umtue, unamtua hata kama ni adui yako. Kukataa ni aibu. Kwa Tshibola aibu ilikuwa kuomba. Stesheni alijitwika kutoka kwenye ukingo wa bomba la maji. Nyumbani alitua juu ya ukuta mfupi wa ua, ambao Muamba aliujenga baada ya kumpima mkewe bega.

Hata sala zake zilikuwa hivyo. "Bwana, leo mi napita njia ya chini, wewe upite ya juu. Saa sita tukutane hospitali."

Ngeleka alimsikia. "Mama, unaomba Mungu, ao unamupangia zamu?"

"Mutu moja hawezi kumaliza kutafuta fasi zote, tata."

"Sasa ile umesema kweli."

Jumamosi mkuu wa stesheni akatangaza kwamba treni ya Kasai itaondoka Jumatatu, saa moja asubuhi, na kwamba nyingine haijulikani.  Tshibola akipanda, nani atamtafuta Muamba? Asipopanda, mtoto mdogo, aliyekuwa akihara siku ya nne, atapona wapi? Akajitwika cherehani, akaenda nyumbani mara ya mwisho, karibu mwendo wa saa nzima.

Ukuta haukuwepo. Matofali yalikuwa yamebebwa, umebaki mstari wa udongo mwekundu.

Alisimama langoni. Alijaribu kupiga goti, goti likakataa. Tangu juzi alikuwa amekula kiazi kimoja. Shingo ilianza kutetemeka. Mlangoni alisimama mwanamke aliyepewa nyumba ile, Odile, mikono ina unga wa kusongea bukari. Walijuana kwa kuonana tu.

"Bwana," Tshibola alisema chini chini, "wewe unajua eko wapi. Mi nimeshindwa."

Akangoja kama kuna mpango wa kuongeza. Haukuwepo.

"Mama," akaita, sauti kama ya mtu mwingine, "unitue."

Odile alitazama barabara kwanza, akafuta mikono, akaja. Wakashusha pamoja.

"Siku zote nakuona unapita," Odile alisema. "Najisemea, ule mama shingo yake walichongea ku atelier ya chuma."

"Bwana yangu hajapita?"

"Hapana. Kila siku naogopa atapita."

"Akipita, usiogope. Umwambie tulipanda treni ya Jumatatu. Tutakuwa kwa kaka yake, Mwene-Ditu."

"Atanipiga."

"Muamba hapigi. Ataomba maji."

Odile alikung'uta unga kwenye vidole, ingawa vilikuwa vimekwisha kuwa safi. "Mama, unaniaminia nini? Mi nalala mu kitanda yako."

"Najua. Si wewe naaminia, ni Mungu."

 Odile aliingia ndani, akatoka na bonge la bukari ndani ya jani. "Ya batoto," akasema. Kisha akashika upande mmoja wa cherehani, Tshibola upande wa pili, wakaipandisha.

Leo ni Jumapili. Ngeleka amesalisha kati ya magodoro, na Tshibola hakumpangia Mungu njia yoyote, ingawa kila hatua za mtu zinapokaribia bado anageuza kichwa. Cherehani ameiacha chini ya ulinzi wa katekista.

Treni inaondoka kesho saa moja. Katika behewa la tatu wameandikwa watatu: Tshibola na watoto wawili.