Posa Kwenye Ukoo wa Haibiskasi

Usiku wa kuamkia leo nimeota naenda kuposa. Si kuposwa, hilo lilikwisha pita na wakati wake. Kuposa, kama mjomba mtu, na kofia kichwani.

Naitwa Mwantumu, naishi Muheza karibu na reli, peke yangu. Kazi yangu ni maua. Siyakati nikauza mafungu, natengeneza mapya. Nachukua unga wa ua hili, ule wa manjano ambao wataalamu wanauita chavua, naupaka kwenye ua la jamaa yake, kisha nasubiri mbegu. Sharti ni moja tu: wawe ndugu, lakini wasiwe ndugu mno. Ukimtafutia haibiskasi mwenzi kwenye mlimau, umepoteza asubuhi yako.

Kwa miaka nimehangaika kumwoza haibiskasi wa manjano aliye mlangoni kwangu kwa yule mwingine anayening'inia kichwa chini kama taa, mashavu yamechanikachanika. Nataka nipate taa ya manjano. Kila mara kitunda kinavimba kidogo, kinanipa moyo, halafu kinadondoka. Kikidondoka nashinda ndani siku nzima, sitaki kusemeshwa na mtu. Hakuna wa kunisemesha, lakini hata hivyo.

Basi, nimeota brashi yangu kavaa kanzu. Ni brashi ya kuchorea, nywele zake zimebaki za kuhesabika. Nikamwambia, Brashi, twende, jua linapanda. Hakuitika. Nikamwita tena. Akanieleza kwa upole kwamba, kama nataka achukue unga kwa kijana wa manjano akaupeleke kwa binti anayening'inia, basi mtu wa kazi hiyo ana jina lake, na yeye haitiki jina jingine.

"Haya, Mshenga," nikasema.

"Naam," akaitika, na tukaondoka.

Nyumba ya kina binti paa liko chini na sakafu iko juu. Viti vimepigiliwa misumari darini. Tunapanda, tunakaa, damu yote inanishukia kichwani na kofia inanidondoka. Wenyeji wao wananing'inia sawasawa, wamependeza. Mwenye nyumba ni Bibi mmoja mwekundu, ulimi wake mrefu unamfika magotini, ingawa magoti yenyewe sikuyaona. Binti yuko chumba cha ndani. Amefunguka alfajiri na magharibi atafumba asifunguke tena, maana maua ya ukoo huu huishi siku moja. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kunywa soda kwanza.

Mshenga akakohoa, akasema lile ambalo washenga wote husema. "Wazee wetu, tulipita hapa tukaona ua zuri katika bustani yenu. Tumekuja kuomba tulichume."

Nikasikia mtu analia chumba cha ndani.

"Mlichume," Bibi akasema.

Nikaeleza haraka kwamba ni namna ya kusema tu, kwetu wanaambiwa watu. Bibi akauliza kama ni kweli binadamu huposana kwa kutishia kuchumana. Nikakiri kwamba ndivyo. Akauliza kama mabinti hukubali. Nikasema wengi. Mshenga akajificha nyuma ya mgongo wangu kana kwamba maneno yalikuwa yangu. Ikabidi niseme wazi kwamba hachumwi mtu, binti atabaki kwenye tawi lake kwao, sisi tumeleta unga tu.

"Mngeanza na unga," Bibi akasema, na kilio kikakoma.

Nikadhani tumemaliza. Bibi akanigeukia mimi, akauliza mimi ni nani kwa kijana. Nikasema namwagilia. Akasema mvua nayo inamwagilia, na haijawahi kuleta posa. Akataka kujua wako wapi wajomba zangu, wako wapi mashangazi, maana posa haiji na mtu mmoja na brashi.

"Kwetu asiye na ndugu hachanganywi na mtu," akasema. "Binti akifumba kabla ndugu yako hajasimama, unga unarudi ulikotoka. Na wewe tutakuhesabu kuwa aina ya peke yako. Nyumba yako ni ile kule mwisho."

Nikatazama. Ilikuwa nyumba ya vioo, na ndani yake chungu kimoja, kisafi, hakuna hata jani lililoanguka.

"Utamwagiliwa vizuri sana," akasema Bibi.

Niliogopa kuliko ninavyoweza kusimulia, kwa sababu ile nyumba ilikuwa na pazia langu dirishani.

Sasa tumekaa stesheni ya Korogwe, na hakuna aliyeshangaa. Upande wa kijana benchi limejaa. Yuko Pamba, ametoka Shinyanga, tumbo mbele, anavutavuta pumzi. Yuko Choya na wekundu wake, anajipepea. Mwisho wa benchi yuko Bamia, amekaa kwa adabu na nafasi kubwa imeachwa kati yake na wenzake, maana wanaogopa kuutelezea ute wake. Wote hao ni ukoo mmoja na haibiskasi, hilo hata vitabuni limo. Benchi langu mimi lina kofia yangu.

Wa kwanza kunionea huruma alikuwa birika langu la chai. Lilikuja linachechemea, kifuniko upande, likasema lenyewe ni shangazi yangu. Bibi akaliambia linieleze. Birika likasema Mwantumu ana moyo safi, mpole, hana makuu na mtu.

Bibi akatikisa kichwa. Akasema hayo husemwa na wageni, tena msibani. Ndugu hutambulikana kwa jinsi anavyomsema mwenzake. Mshenga naye akajaribu, akasema nina mkono mwepesi na sijawahi kumvuta nywele kwa makusudi. Likawa lile lile. Birika likaketi chini likapoa.

Ikabidi nimpigie Nasoro. Nasoro ni mdogo wangu, tumbo moja, tumebaki sisi wawili. Yuko Mbeya na watoto wake, na tangu tumzike mama sauti yake naisikia sikukuu. Simu ilikuwa ya kawaida kabisa, pengine kitu pekee cha kawaida mahali pale. Nikamwambia nimekwama, nahitaji mtu wa upande wangu, asimame tu, hata asiseme kitu.

"Nakuja, dada," akasema, akakata.

Na kweli, Nakuja akafika. Mfupi, suti imembana mabegani, akakaa kwenye benchi langu akatazama saa. Bibi akamwuliza kama ndiye Nasoro. Akasema hapana, yeye ni Nakuja. Nasoro yuko nyumbani kwake anakula. Akaeleza, bila kinyongo, kwamba kwangu ameshafika mara nyingi: Idi zote, siku ya arobaini ya mama, na nilipoteguka mguu. Sema mimi kila mara namtazama mlangoni kama vile namtafuta mtu nyuma yake.

Bibi akasema hafai, si mtu. Nakuja akasema anaelewa, amezoea. Nikamtengea nafasi aendelee kukaa. Nilikuwa sina mwingine wa kukaa naye, na alikuwa na joto kidogo.

Mwanga ukaanza kupungua. Binti akaanza kufumba, shavu moja, kisha la pili. Nikahisi baridi miguuni, nikatazama, nimo kwenye udongo hadi vifundoni na udongo umekandamizwa vizuri pembeni. Bibi hakuwa na ubaya, alikuwa anafuata sheria yake tu. Akaniuliza kama napenda dirisha la mashariki.

Hapo Bamia akasimama.

"Mimi nina neno juu ya huyu mama," akasema. "Ana kinyongo na hakubali. Anatukata vipande vikubwa kwa uvivu, anatupika mpaka hatujui sisi ni nani. Anaongea na sufuria halafu ananuna ikikaa kimya. Bi Chausiku wa jirani alimgongea mlango, sahani ya ubwabwa mkononi, huyu akazima redio akajifanya hayupo. Jioni yake akalia kwamba hatembelewi na mtu. Mimi nilikuwa kwenye ungo. Nimeona kwa macho yangu."

Stesheni nzima ikanitazama. Mimi sijasemwa hivyo tangu mama alipofariki. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, raha, sijui niiiteje. Nikamjibu. Nikamwambia vipande ni vikubwa kwa sababu kisu ni butu, na kisu ni butu kwa sababu hakuna wa kuninolea, na kuhusu Bi Chausiku, siku ile nilikuwa sijafagia. Akasema sijafagia tangu lini. Nikamwambia ashike ute wake. Akaniambia nishike adabu. Tukaendelea hivyo, yeye kwenye benchi lao, mimi kwenye udongo, mpaka Pamba akajikohoza.

"Mnagombana vizuri," Bibi akasema. "Hawa ni ndugu."

Choya, ambaye siku zote ana la kusema, akauliza kama si ndugu mno. Bibi akafikiri. Akauliza kama tunakula meza moja. Bamia akasema ndiyo, kila Jumanne, isipokuwa yeye ndiye anayeliwa.

"Basi si ndugu mno," akasema Bibi. "Leteni unga."

Mshenga akanyanyua kanzu, akapita kwa binti na nywele zake chache, akampaka unga wa manjano taratibu, na binti akafumba juu ya unga ule. Nikalia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia na kamasi, na Nakuja akanipa tai yake.

Bibi akasema sasa lazima tufunge, ili kesho asije mtu akadai kwamba leo hakufika yeyote. Pamba akajivuta tumboni, akatoa uzi mrefu mweupe. Nikaupokea nikataka kuuzungusha kwenye shingo ya binti, kama ninavyofanya kazini kuweka alama kwenye ua lililokwisha kupakwa. Bamia akaninyang'anya.

"Si yeye," akasema. "Yeye hasahau. Nyoosha mkono."

Nikanyoosha mkono wa kulia. Vidole vyake vilikuwa na vinyweleo vinavyowasha. Akafunga, akakaza, akafunga tena, akaniambia nisijaribu kufungua mwenyewe. Nilikuwa nataka kumwuliza atakuja lini, nikaamka.

Nje kumekucha, kuna mtu anapiga pampu ya baiskeli. Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, pale panapovaliwa bangili, kuna uzi mweupe umefungwa fundo juu ya fundo.

Mimi natumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Nilikaa kitandani nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikaujaribu kwa mkono wa kushoto na meno. Ukateleza. Nikajaribu kuukandamiza kwa goti. Ukalowa mate ukadondoka. Fundo la mkono wa kulia halifungiki mpaka awepo mtu wa pili, na mlango wangu ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikachungulia chini ya kitanda, nikaona ndala zangu.

Nikazivaa, nikaenda kwa Bi Chausiku.

Alikuwa anafagia uwanja. Hakutaja ubwabwa. Nikamwonyesha mkono, akaegemeza ufagio, akaushika akaugeuza huku na huku.

"Nani kakufunga hivi, Mwantumu?"

"Ndugu yangu."

"Nasoro amekuja?"

Nikasema hapana. Alinitazama kidogo, kisha akaurudia mkono. Akaniuliza nilikuwa nachuma bamia za nani asubuhi yote hii, maana ngozi pale chini ya uzi imejaa vipele vya kuwasha. Akaingia ndani, akatoka na mkasi. Nikaurudisha mkono kifuani.

"Usikate," nikamwambia. "Nimekuja tu uuone."

Bi Chausiku akauweka mkasi chini, akanisogezea kigoda.