Zamu ya Mama Mkwe

Kibiriti alikuwa mchekeshaji, na kwa miaka minane alikula kwa mgongo wa mama mkwe wake. Hilo tuliseme mapema, tusije tukaambiwa tunamsengenya. Kila Jumapili alasiri alipanda jukwaani katika ukumbi ulio juu ya duka la makochi, akajifunga kitambaa kichwani, akashika kiuno, akabenua midomo, na kabla hajatamka neno watu mia mbili walikuwa wameshaanza kushika mbavu. "Baba," angeanza kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, "hivi hapa kwenu chumvi mnaiogopa au mnaitunzia wajukuu?" Basi. Ukumbi chali.

Jina la Kibiriti alipewa kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu alishika moto upesi. Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kukanyaga ukumbi ule. Alikuwa mjane, mstaafu, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini, na aliishi peke yake mwendo wa saa sita kwa basi. Mara mbili tatu Kibiriti alimuuliza mkewe kama mama yake anajua anavyoigizwa, maana video za maonyesho zilisambaa kwenye simu. "Mama na hayo mambo ya kwenye simu wapi na wapi?" mke alijibu. Kibiriti akaridhika. Mtu akitaka kuamini jambo haombi ushahidi mwingi.

Kisha maradhi yakabisha hodi. Yalianza na maumivu ya tumbo, naye akayafanyia mzaha jukwaani wiki tano mfululizo, akasema tumbo lake limegoma kula upishi wa nyumbani. Wiki ya sita akaanguka bafuni. Daktari wa upasuaji, mtu asiyekuwa na mzaha hata wa dawa, akamwonyesha picha na kumwambia ni saratani ya utumbo. Wakampasua, wakatoa kipande, wakamtoboa tundu tumboni na kumbandika mfuko wa kupokea choo. Kisha zikafuata dripu za dawa kali, kila baada ya wiki tatu. Alichungulia kaburi, tena si mara moja.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la mtihani, na mshahara wake ndio pekee uliobaki nyumbani. Asingeweza kuacha kazi akae na mgonjwa. Ndipo mama mkwe alipofika na begi moja, akasema anakaa wiki mbili. Alikaa miezi saba.

Sasa, mtu na mkwe wake wana mipaka yao, hata mtoto anajua. Siku ya kwanza Kibiriti alipomwona anaingia chumbani na beseni, sabuni na taulo, alivuta shuka hadi kidevuni.

"Mama, tafadhali. Tumsubiri mwenzangu arudi."

Mama mkwe akatua beseni. "Mwenzako anarudi saa kumi na moja, na wewe unanuka sasa hivi. Geuka."

Akageuka. Angefanyaje? Yule mama akamwogesha, akamkata kucha, akamlisha uji kwa kijiko, na mfuko ulipojaa aliumwaga yeye. Mfuko wenyewe alishaubatiza jina. Aliuita Mpangaji. "Mpangaji kaamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi akifungua pazia. "Maana huyu mpangaji jamani, wageni wakiwepo ndipo anapohamisha makabati." "Ameamka salama, Mama," Kibiriti alijibu, macho yako darini. Mchekeshaji wa miaka minane, na hakusikia hapo kichekesho. Aibu ilikuwa imemziba masikio.

Asubuhi moja, baada ya dripu ya nne, alikuwa akitapika kwenye ndoo huku mkono wa mama mkwe umemshika kipaji cha uso, kichwa kisidondoke. Hapo Kibiriti akajiona mwizi. Miaka minane amemuuza mama huyu rejareja, na leo ndiye anayemshikia kichwa. Shukrani ya punda, mateke. Akala kiapo kimoyomoyo: Mungu akimwinua, hatamtaja tena mama mkwe jukwaani isipokuwa kwa heshima.

Na akainuka kweli. Utumbo ukaungwa, mfuko ukaondolewa, likabaki kovu refu la kutoka kitovuni kwenda chini. Daktari akamwamuru arudi kupimwa kila miezi mitatu, na asibebe kitu kizito. Mama mkwe akarudi kwake. Nywele zikaota upya, zikiwa laini kuliko za zamani. Kilichobaki ni kazi.

Meneja wa ukumbi alimpa Jumapili mbili. "Hizi za urafiki," alimwambia. "Ya tatu wataamua watu." Maisha ya Kibiriti yakawa yamekaa hapo, kwenye Jumapili mbili. Kazi nyingine hakuijua, na zaidi ya kazi, hakujua yeye ni nani asipochekesha. Mtu huyo asiyechekesha hakuwahi kukutana naye, na alimwogopa kuliko saratani.

"Kitambaa umekuja nacho?" Meneja alimuuliza nyuma ya pazia.

"Nimeacha kile."

"Sasa utawachekesha na nini?"

"Na ugonjwa."

Meneja akamtazama, akaguna, akaenda kuwasha taa.

Alipotokeza, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi karibu dakika nzima. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. Watu wakikusimamia kabla hujasema kitu, hawakuja kucheka, wamekuja kutoa pole. Kibiriti akawapa kisa cha daktari, kisa cha supu ya wodini, kisa cha upara wake na kofia ya bafu. Walitabasamu kwa upendo. Mama mmoja wa safu ya pili akafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko. Pole ni tamu ukiwa kitandani, lakini jukwaani inaua. Katikati ya kisa cha nne sauti ikapaa kutoka pembeni: "Mama mkwe! Tunamtaka mama mkwe!" Wengine wakadakia, wakagonga meza.

Kibiriti akainua mkono. "Ndugu zangu," alisema, na sauti ilikuwa ya msikitini au kanisani, chagua mwenyewe, "mama mkwe wangu ni malaika. Bila yeye leo nisingesimama hapa. Nawaombeni tumheshimu."

Ukumbi ukapoa. Mtu akakohoa. Kisha yakaja makofi ya polepole, yale ya kwenye mazishi mtu akimaliza kusoma wasifu wa marehemu. Aliposhuka, Meneja hakumlaumu. Alimpigapiga bega tu, na baina ya watu wa kazi ile hilo ni zaidi ya tusi.

Kumbe mama mkwe alikuwepo. Mkewe alikuwa amemleta kwa siri wamshtukize, wakakaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Kibiriti aliwakuta nje watu wakitawanyika. Mama alikuwa amevaa gauni jipya la bluu, mkoba ameukumbatia kifuani, uso umemkunjamana. Hakumpa mkono.

Kesho yake mke alipokwisha kwenda shuleni, Kibiriti alimkuta mama mkwe sebuleni anapanga nguo kwenye begi. Akajua limeshabumburuka. Zile kelele za "mama mkwe" zilikuwa zimemfumbua macho. Akapiga magoti kwenye zulia, kovu likimvuta.

"Mama, nisamehe. Najua sasa umejua. Miaka minane nakuigiza mbele za watu, nawachekesha kwa kukusema wewe. Lakini nimeacha. Nimeapa. Hutasikia tena."

Mama mkwe aliendelea kukunja sketi. "Umeacha?"

"Kabisa, Mama."

"Nani kakutuma?"

Kibiriti akainua uso.

"Unadhani sikujua? Jirani yangu alinionyesha mwaka ule ule wa kwanza. Ninazo zote kwenye simu. Ile ya chumvi, ile ya mlinzi wa benki, ile ya mimi na kinyozi wako. Nikienda kliniki watu wananipisha foleni, wanasema mpisheni mama mkwe. Mfua mashuka gani umewahi kusikia anapishwa foleni?" Akavuta zipu ya begi, ikakwama, akaiachia. "Nimeshonesha gauni kwa ajili ya jana. Nimekaa pale nyuma, moyo unadunda, nasubiri zamu yangu. Watu wenyewe wakaniita, kwa kelele. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Wewe ukasema mimi malaika!"

"Nilikuwa nakupa heshima, Mama."

"Malaika! Watu huitwa malaika wakishafukiwa. Umenisomea wasifu, mwanangu, na mimi niko hai nimekaa. Miezi saba nakuogesha, namhudumia yule Mpangaji wako, hukuona hata kimoja cha kuchekesha?"

"Kwani kilikuwepo?" Kibiriti aliuliza. Hakuwa na utani. Aliuliza kwa dhati ya moyo wake.

Mama mkwe akakaa juu ya mkono wa kochi. "Mwana wa watu, siku ile ya kwanza uliniomba nifumbe macho wakati nakuogesha. Nikafumba. Nimesugua ukuta dakika tano nzima, na wewe ukaniambia asante Mama, nimetakata."

Kicheko kilimtoka Kibiriti bila kuagizwa. Kikamchoma kwenye mshono, akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, akainamia zulia, na bado hakikuisha. Ulikuwa umepita mwaka mzima tangu acheke hivyo. Mama mkwe alimtazama tu, kwa subira ya mtu aliyengoja muda mrefu mwenzake aelewe.

"Na kiapo changu?" alimuuliza alipopata pumzi.

"Mungu asingependa mzaha asingekupa hicho kichwa. Inuka, lete daftari."

Wiki hiyo walishinda mezani jikoni, na yule mama hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. "Hapo umenipunguza," alisema. "Mimi nilikuwa mkali kuliko hivyo." Au: "Hiyo futa, hata mimi sichekeshwi." Ijumaa mkewe aliwakuta wanagombana juu ya beseni, kama liwe la bati au la plastiki, akachukua madaftari yake ya kusahihisha akahamia chumbani.

Jumapili ya pili watu walipungua. Huruma haikati tikiti mara mbili. Mama mkwe alikaa safu ya mbele na gauni lake la bluu, binti yake ubavuni. Kibiriti akatokeza na kitambaa kichwani, na kabla hajafika kwenye maiki watu walikuwa wameshaanza. Akawapa beseni. Akawapa Mpangaji anayehamisha makabati mbele ya wageni. Alipofika kwenye ukuta uliosuguliwa dakika tano, mzee mmoja aliteleza kwenye kiti akainuliwa na wenzake. Kule nyuma Meneja alikuwa ameegemea mlango, kinywa wazi.

Moto ukamkolea. "Lakini mimi mwanamume," alisema, akajipiga kifua. "Maumivu yale yote, sikulia hata siku moja."

"Mwongo!"

Ni mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake. Ukumbi ukalipuka. Hilo halikuwamo daftarini.

"Mama, tikiti yako ni ya kukaa au ya kuhutubia?"

"Mwongo huyo! Alilia!" Sasa alikuwa amesimama, mkoba mkononi, amewageukia watu, nao wanacheka na kumshangilia. Yeye hakucheka. "Siku ile ya homa kali, wewe hukumbuki. Ulilia tangu asubuhi mpaka jua linazama, unaita mama, mama. Na mama yako yuko udongoni mwaka wa kumi na mbili. Nikamuuliza binti yangu, nifanyeje? Akasema, hata mimi sijui. Basi nikaitika. Kila ulipoita mama, niliitika mimi."

Kicheko kilikatika. Mtu aliyekuwa ameinua glasi akaishusha mezani taratibu. Mke wa Kibiriti aliinamisha kichwa. Mama mkwe naye akawa ametambua alikofika. Hakujua akae au aendelee, akabaki amesimama mbele ya watu wote akimtazama mkwewe.

Kibiriti hakuwa ameambiwa jambo hilo na mtu yeyote. Lilimpanda kutoka tumboni, likapita penye kovu, likafika machoni. Alijua kabisa kitakachotokea akilia. Watu watasimama, watapiga makofi, watampa pole mpaka siku atakayokufa, na yule mama atageuka malaika tena, safari hii moja kwa moja. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akaisogelea maiki.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe ndiyo maana nilipona. Mtu unaita mama, anaitika mama mkwe... nani angethubutu kubaki kitandani?"

Kisha mama mkwe, vile vile amesimama na mkoba wake, machozi yanamchuruzika hadi kwenye gauni la bluu, akaanza kucheka. Alianza yeye, peke yake, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, ndipo ukumbi ukamfuata.