Kwangu Inafanya Kazi

—tena kwa sauti, jamani! Mbele ya mwalimu mwenyewe! Neno kwa neno, miwani puani, na ukumbi mzima kimya utadhani umechomwa sindano ya ganzi!

Subirini, nimeanzia mkiani. Habari hii ikisimuliwa kinyumenyume haina raha, na mimi tangu mchana inanitekenya kooni. Haya, kaeni vizuri.

Mnamjua Kidole? Yule msichana wa klabu ya teknolojia hapo chuoni, mwaka wa tatu, mwembamba, ana cheko la kuangusha vikombe. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kitufe chochote akikiona lazima akibonyeze. Kinafanya nini, atajua baadaye.

Sasa Kidole alikuwa na tumbo joto. Mwaka wa tatu hakuna kuhitimu bila miezi mitatu ya mafunzo kazini. Unapewa fomu, unajitafutia mwajiri mwenyewe, anasaini, anagonga muhuri, unairudisha idarani. Siku ya mwisho ilikuwa leo, saa kumi jioni. Usiporudisha, mwaka unaurudia wote. Klabu nzima ilisharudisha, hata wale wanaosinzia mikutanoni. Kidole peke yake aliandika barua kumi na moja, akajibiwa sifuri. Na nyumbani, mama yake ni fundi cherehani, alimshonea koti la usaili tangu mwezi wa pili, akalitundika nyuma ya mlango. Kila asubuhi mama akipita analipangusa vumbi mabegani, halafu anakwenda zake bila kusema neno. Kidole anasema afadhali angegombezwa.

Na msidhani klabu haikuwaandaa. Mwaka huu walihangaika, jamani! Waliwafundisha wa mwaka wa kwanza kuandika programu, wakaenda kwenye mashindano wakashika nafasi ya pili kutoka mwisho, wakarudi wanaimba kama wameshinda. Walitengeneza mashine ya kuchapisha ya idara, ikafanya kazi wiki mbili, ikafa tena, wakasema ilikufa kifo cha kawaida. Halafu kila Jumatano, mazoezi ya usaili. Mwenyekiti wao, wanamwita Mheshimiwa kwa sababu anavaa tai hadi kwenye foleni ya chakula, anakaa nyuma ya meza, anakukazia macho, anauliza: "Kwa ufupi, jieleze." Ukianza kujieleza, anakukatiza, anajieleza yeye. Saa nzima.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa Siku ya Waajiri, ndiyo leo. Klabu ikatengeneza tovuti: kila mwanachama na picha yake, ujuzi wake, uzoefu wake, udhaifu wake. Waajiri watumiwe anwani wiki moja kabla, waje wakiwa wameshachagua wa kuongea nao. Aliyeandika programu ni Kimya, kijana anayeongea mara mbili kwa muhula. Kidole akapewa kazi ya kuijaribu, kuona kama fomu zinapokea maneno marefu, mafupi, yenye alama, na kadhalika.

Ukijaribu tovuti hutumii habari za kweli. Unaweka za uongo kwenye hifadhi ya pembeni, hifadhi ya majaribio. Wengine wanaandika "aaa", "bbb". Kidole? Thubutu! Alikaa mchana kutwa maabara anacheka peke yake, akawaandikia wenzake wote wasifu wa kutunga. Wa Kimya: "Lugha anazozungumza: bado tunachunguza. Mara ya mwisho alisikika akisema 'sawa', mwezi wa tatu." Wa Mheshimiwa: "Uzoefu: miaka mitatu ya kusema 'kwa ufupi'. Akiulizwa swali la programu, huunda kamati." Na wa kwake mwenyewe, hakujionea huruma... tulieni, nitaufikia.

Kulikuwa na mstari mmoja tu ndani ya programu wa kuiambia tovuti isome hifadhi ipi, ya majaribio au ya kweli. Jumatatu iliyopita Kidole akaubadilisha. Akaita wenzake wote kwenye laptopu yake, wakatazama: kila mtu na wasifu wake wa heshima, umenyooka kama shati la harusi. Wakapiga makofi. Mheshimiwa akasema, "Ndugu wanachama, seva yetu ni ndogo. Kuanzia sasa asiifungue tovuti mtu yeyote, tuwaachie waajiri." Wakatii.

Mmeona shimo liko wapi? Kidole aliubadilisha mstari kwenye laptopu yake. Kwenye seva, ile kompyuta inayowafungulia waajiri tovuti, hakuupeleka! Kwake inafanya kazi safi kabisa. Waajiri, wiki nzima, wanasoma majaribio.

Sasa leo mchana. Ukumbi umepambwa, meza zimepangwa, kila mwajiri na bango lake. Kidole kaingia na koti la mama yake, fomu ameikunja mfukoni, roho mkononi. Akaona jambo la ajabu. Waajiri wanacheka! Wanapitishiana karatasi, mmoja anajifuta machozi kwa tai yake.

"Leo wamechangamka," akamwambia Kimya.

Kimya akamwangalia. Akafungua mdomo, akaufunga. Akamwonyesha simu yake.

Kidole akasoma: *Lugha anazozungumza: bado tunachunguza.*

Moyo ukamlipuka paa! Akaipokonya ile simu.

"Umeifungua wapi hii?"

"Kwenye tovuti," Kimya akasema. Maneno mawili. Muhula wake ukaishia hapo.

"Haiwezekani! Mbona kwangu inafanya kazi?"

Kimya alimtazama tu, kwa yale macho ya mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. Kidole akaelewa. Akakaa chini nyuma ya pazia la jukwaa, akafungua laptopu, akaupeleka ule mstari kwenye seva. Sekunde ishirini na tano! Wiki nzima ya aibu, na dawa yake sekunde ishirini na tano.

Akili ikaanza kumcheza. Sasa tovuti imetakata. Atakayeuliza, ataambiwa tumeingiliwa na wahalifu wa mtandao. Nani atabisha? Ndiyo kwanza wataonewa huruma. Akasimama, akajipangusa magoti, akajifanya hamnazo.

Basi akatokeza pale mwanamke wa kampuni ya maji. Mhandisi, mfupi, mnene, viatu vya kazi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Mkononi karatasi. Amechapisha! Yaani mtandaoni kumetakata, lakini kwa mama huyu ushahidi umo kwenye karatasi, tena umebanwa pini.

"Kiongozi wa klabu ni nani?" akauliza.

Mheshimiwa akaruka kama chemchemi. "Shikamoo, Mhandisi. Ni mimi."

"Marahaba. Haya maelezo ya wanachama, mliyaandika nyinyi wenyewe?"

"Kwa ufupi," akaanza Mheshimiwa, akainua kidevu, "mimi binafsi nimesimamia kila neno. Na kila neno, Mhandisi, ni kweli tupu."

Kidole akauma ulimi hadi akaonja chumvi.

"Kila neno?"

"Ningeweza kuapa."

"Hata hili lako wewe?"

"Hasa langu!"

Mhandisi akamtazama juu hadi chini, akatazama karatasi, akaitazama tai. "Naona," akasema. "Na huyu binti anayeitwa Kidole? Maana maelezo yake nimeyarudia mara tatu."

Wakati huo mlezi wa klabu, mwalimu wa maabara, alikuwa amesogea na kikombe chake cha chai kusikiliza wanafunzi wake wakisifiwa. Uso umemng'aa. Mhandisi akavaa miwani. Ndipo hapo nilipoanzia, mnakumbuka? Akasoma:

"'Udhaifu: kubonyeza kwanza, kusoma baadaye. Aliwahi kuzima kompyuta zote za maabara akitafuta swichi ya feni. Mafanikio: aliziwasha tena kabla mwalimu hajarudi, na mpaka leo mwalimu anadhani umeme ulikatika.'"

Jamani, kikombe kikasimama katikati, kati ya meza na mdomo.

"Umeme?" mwalimu akasema taratibu. "Mimi nilikwenda kugombana na fundi umeme. Nilimwandikia barua. Mbili!"

Mheshimiwa akapata rangi ya majivu. Lakini kiongozi ni kiongozi. "Mwalimu, Mhandisi, hii ni hujuma! Tumeingiliwa! Kuna wahalifu wa mtandao, tutaunda—"

"Kamati?" Mhandisi akauliza, wala hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Hapo ndipo Kidole alipobanwa. Uongo ameshatayarishiwa na mtu mwingine, mezani, bado moto. Kazi yake kunyamaza tu. Fomu iko mfukoni na saa ukutani inasema saa nane kasoro. Akisema kweli, mwalimu huyu huyu ndiye anayempa alama, na huyu mama ndiye mwajiri wa kwanza kuwahi kulitamka jina lake. Akinyamaza, Mheshimiwa, na tai yake yote, atazunguka meza moja hadi nyingine akiwaapia watu juu ya maneno ambayo hata hajayasoma. Akamwangalia yule kijana anavyotoka jasho chini ya pua. Akashindwa.

"Ni mimi," akasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyekalia kitu. Akarudia. "Ni mimi. Hakuna mhalifu. Yalikuwa majaribio, niliyaandika mimi, na nikasahau kubadilisha kwenye seva. Nilibadilisha kwangu tu. Mwenyekiti hajui lolote. Na feni, mwalimu... feni ni kweli. Nisamehe. Fundi umeme nitamwomba radhi mwenyewe."

Mwalimu akanywa ile chai yote kwa mkupuo mmoja, akaondoka. Akafika mlangoni, mabega yakawa yanatikisika. Kama ni hasira au kicheko, hakuna aliyethubutu kwenda kumtazama usoni.

Mhandisi akavuta kiti. "Kaa, mwanangu."

Kidole akakaa.

"Mwaka jana," Mhandisi akasema, "mtu mmoja kwetu alikuwa anajaribu mfumo wa kutuma ujumbe. Akaandika: 'Ndugu mteja wa mfano, maji yako yamekamatwa na polisi.' Ukaenda kwa wateja wote. Wote! Watu walikuja na ndoo langoni kuyawekea maji dhamana."

Kidole akajikaza kisabuni asicheke. Koti likamsaliti, vifungo vikawa vinaruka.

"Cheka tu, sisi tulicheka baada ya miezi sita. Unajua mpaka leo hakuna aliyesema 'ni mimi'? Kila mtu kwake ilikuwa inafanya kazi. Wewe umechukua muda gani?"

"Dakika... nne, Mama. Mbili nilikuwa nataka kudanganya."

"Nimeona. Uso wako hauna pazia." Akakunja karatasi. "Nina mafundi wanaojua kuandika programu. Sina mtu anayeweza kuandika kitu kikasomwa mara tatu. Ujumbe wetu kwa wateja hausomwi hata na sisi tunaoutuma. Una fomu ya mafunzo?"

Una fomu! Kidole aliichomoa kwa kasi hadi mfuko wa koti ukafumuka uzi. Mama yake akiuona jioni, atashona tena, na safari hii nina hakika atasema neno.

"Sharti moja," Mhandisi akasema huku anasaini. "Hubonyezi kitu kwangu bila mtu kukaa pembeni yako."

"Hata swichi ya taa, Mama."

Mhandisi akatoa muhuri kwenye mkoba, akaufungua kifuniko, akauweka mezani mbele ya Kidole. "Haya. Bonyeza."

Mkono wa Kidole ukaruka wenyewe, mnamjua. Ukafika hewani. Ukasimama. Akaurudisha, akaivuta fomu, akaanza kuisoma. Kuanzia juu, jina la chuo, tarehe, kifungu cha kwanza, cha pili, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akamaliza. Akaigeuza akasoma na nyuma, ambako hakuna kitu. Mhandisi alicheka hadi miwani ikamdondoka kifuani.

Ndipo Kidole akabonyeza. *Tap!* Saa nane na dakika kumi. Akapiga mbio idarani, akaikabidhi, karani akaiangalia, akasema, "Wewe ndiye wa mwisho," naye akamjibu, "Najua, na asante," akatoka anaelea.

Angeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri na watu tungelala. Lakini akarudi ukumbini kuchukua laptopu yake. Na mlangoni akamwona Mheshimiwa, katikati ya ukumbi, peke yake, ameshika ile karatasi aliyoiacha Mhandisi mezani. Alikuwa amefika kwenye wasifu wake. Midomo yake inasoma: *miaka mitatu... ya kusema...* Akainua uso. Macho yakakutana.

Kidole akavua viatu, akavishika mkononi.

Alikimbilia wapi najua: stoo ya viti, nyuma ya jukwaa, na Kimya amekaa mlangoni kama askari. Mheshimiwa alimfuata, tai imerukia mgongoni. Kilichosemwa ndani ya ile stoo sikijui hata mimi, maana Kimya nimemuuliza mara sita na mnajua majibu yake, na Kidole simu kaizima. Ila ameniandikia kikaratasi: kesho asubuhi atanipitia, anieleze yote, neno kwa neno, na nikishaelezwa mimi, nanyi mmeelezwa. Kwa hiyo kesho msitoke nyumbani mapema!