Alama Nne kwa Neno Adesso

Mwalimu Ersilia Bonfanti alipita mbele ya duka la jibini la Settimio mara tatu kabla ya kuingia, na kila alipopita alijitukana kimoyomoyo. Bibi mzima wa miaka sabini na tisa, anamwogopa muuza jibini.

Miaka arobaini nyuma alimfundisha Settimio Kilatini. Siku moja alimsimamisha ubaoni aeleze asili ya neno adesso, lile Waitaliano wanalolisema kutwa nzima wakimaanisha sasa. Settimio akajibu kwamba limetokana na ad ipsum, yaani kwenye wakati huohuo. Ersilia akasema hapana, ni adest, yaani ipo hapa. Kijana akashikilia lake, darasa likacheka, mwalimu akapandwa na hasira akampa alama nne kati ya kumi. Alama hiyo ndiyo iliyomfelisha mwaka. Settimio hakurudi tena shule, akaenda kukamua kondoo wa baba yake.

Juzi binti wa Settimio, Nives, alikuja kwa Ersilia machozi yakimlengalenga. Alikuwa amesoma ad ipsum kitabuni, na baba yake, ambaye siku hizi anashikilia adest ya mwalimu wake, amemwita mjuaji mbele ya wateja, kisha kamnunia wiki nzima.

Settimio alipomwona mwalimu wake alifuta mikono kwenye aproni, akamkatia kipande cha jibini bila kuulizwa.

"Mwalimu, mwambie huyu mjuaji wangu. Mimi uliniambia mara moja tu, nikashika."

"Nives yuko sahihi," Ersilia akasema. "Na wewe ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Settimio akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akasema basi, walimu nao ni watu, kukosea kupo. Hapo Ersilia angeweza kuaga akaondoka na heshima yake. Lakini Settimio akamuuliza taratibu alijua lini.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Jioni ileile. Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi."

Settimio alikunja karatasi ya kufungia jibini, akaikunjua.

"Kesho yake mama alikuja kwako. Alitembea kwa miguu kutoka shambani, aje akuombe radhi kwa utovu wangu wa adabu."

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nimekusamehe."