Kanuni ya Saba

Walitusikiliza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wangetupuuza, kama wakubwa wanavyotupuuza siku zote, ningekuwa na wa kumlaumu.

Miaka mitatu iliyopita walikuja watafiti wakitaka damu ya watu elfu sita, wachunguze magonjwa ya kurithi. Kabla ya kumchoma mtu sindano, walitaka wananchi wapange nao kanuni. Tukachaguliwa kumi na wawili: mwalimu mstaafu, muuza mkaa, mkunga na wengine. Mimi fundi cherehani nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo. Mume wangu alisema kamati imepata kipaza sauti kisichohitaji umeme.

Tulikutana kwenye ukumbi wa zahanati, viti vya plastiki, feni ikizunguka kivivu. Daktari wa utafiti, kijana mpole tuliyempachika jina la Miwani, akauliza, "Tukikuta ugonjwa kwenye damu ya mtu, tumwambie au tusimwambie?"

Nikasimama. Nikawasimulia habari za dada yangu, aliyekutwa na kifua kikuu zahanati hiyohiyo, na kabla hajafika nyumbani na dawa zake, mawifi walishamfungia virago. "Siri ya watu wawili si siri," nikasema. "Mtaandika barua moja, kesho ukoo mzima hauoi wala hauolewi. Asiambiwe mtu."

Wakapiga makofi. Ikaandikwa Kanuni ya Saba: majibu hayatolewi kwa yeyote, na kanuni haibadilishwi ila kwa kura za kamati. Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nikawapeleka wanangu wote wawili wakatoe damu, niwe mfano kwa wenzangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu binti yangu alianguka akikimbia mbio za shule. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hospitali walisema moyo umesimama tu, kazi ya Mungu haina makosa. Nikakubali, ningefanyaje.

Wiki sita baadaye Miwani akatuita. Hakukaa. Akasema wamekuta watu kumi na mmoja wenye kasoro ya moyo ya kurithi, ambao moyo wao unaweza kuzimika wakati wowote wakikimbia. Vipimo vya kawaida mara nyingi haviioni. Vidonge vya kuzuia vipo, mtu anameza kila siku.

"Tumejua tangu mwaka jana," akasema, macho kwenye karatasi. "Naomba kamati ipige kura upya."

Mwaka jana mwanangu alikuwa hai. Na kaka yake bado yu hai, ana miaka kumi na saba, damu yake iko kwenye jokofu lao.

Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Nikasema tubadilishe, nikalia huku nasema.

Mwalimu mstaafu alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Pole sana, mama. Lakini wewe ndiye uliyetufungua macho. Mimi nina mabinti watatu hawajaolewa."

"Watu elfu sita walitoa damu kwa ahadi hiyo," mkunga akadakia. "Tukiigeuza kwa msiba wa mmoja, nani atatuamini tena?"

Nilitafuta la kuwajibu, nikakuta yote nilishayasema miaka mitatu nyuma, upande wao. Tulinyoosha mikono wanne. Minane ilibaki mapajani.

Nikamfuata Miwani kwenye korido.

"Daktari, kijana wangu yumo?"

"Siwezi kusema, mama. Kanuni ni yenu."

"Ni yangu, najua. Kwa hiyo usiniambie. Nakuuliza jingine: jioni hii ana mechi. Ungekuwa wewe ndiye baba yake, ungemwacha acheze?"

Nilimkazia macho, nikimwomba Mungu aseme acheze, neno moja tu, ambalo halivunji kanuni yoyote. Kama kijana wangu angekuwa mzima, neno hilo lingemgharimu nini?

"Niliapa, mama," akasema. Kisha akageuka kutazama saa ya ukutani. "Mechi inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Nilivua viatu palepale nikatoka mbio.