Waya kwenye Matete

Makinda watatu wa koikoi, ndege wa kinamasini mwenye shingo ndefu, walikufa kwa jua mchana mmoja wa kiangazi, kwa sababu Geti aliwaondolea kivuli. Hakuwa mtoto wala hakuwa amelewa. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mzima mwenye wajukuu, na alijua kabisa alichokifanya na alikifanyia wapi.

Jina la Geti alipewa mtaani kwa ajili ya kazi yake. Rafiki yake tangu utotoni aliitwa Tabasamu, kwa kumtania, maana alikuwa mpiga picha za pasipoti na maisha yake yote amekuwa akiwakataza watu kutabasamu. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri, studio yake ilibaki na benchi na pazia la bluu. Halafu wakubwa wa hifadhi ya kinamasi, nje kidogo ya mji, wakaona picha zake za ndege. Wakamwambia alete za kuweka kwenye mabango ya njiani. Wakizipenda, kazi ya kupiga picha pale ni yake. Wakampa kibali cha kupita njia ya ndani, ambayo hufungwa kwa wageni wakati ndege wanalea. Kwa Tabasamu hiyo haikuwa kazi ya ziada. Ndiyo iliyokuwa imebaki.

Akaomba aende na rafiki yake. Mlinzi wa langoni, binti aliyevaa buti za mpira, alimtazama Geti juu mpaka chini.

"Na huyu mzee?"

"Huyu ndugu yangu. Nitamjibia mimi."

"Haya, baba zangu, karibuni. Msitoke kwenye mbao na msiguse kitu."

"Hata pua yangu sitaigusa," Geti akasema, na binti akacheka.

Njia ya ndani ilikuwa ya mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo, nyembamba, matete yamepanda pande zote kupita vichwa vyao. Maji ya chini yalikuwa meusi na yamelala. Upepo haukuingia humo, joto tu.

"Punguza kishindo, bwana," Tabasamu akanong'ona. "Hapa si karakana."

"Niliambiwa tunakwenda kutembea. Sikuambiwa kunyata kama mwizi wa kuku."

"Basi nyata kama mwizi wa kuku. Hao wana uzoefu."

Tabasamu alikuwa amempa kamera yake ya zamani ajaribu. Walipopumzika kwenye benchi la kwanza, akaziangalia picha za Geti moja moja, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Majani. Majani. Kidole chako. Majani tena. Na hapa umepiga nini?"

"Chura."

"Yuko wapi?"

"Alikuwepo."

Geti naye alicheka, lakini ilimchoma kidogo. Kazini kwake hakuna anayemcheka. Chuma kikipinda ananyoosha, kisichoshika anakifunga, na watu wanasema asante, fundi.

Kiota kilikuwa mbele ya hapo, ndani ya matete, mtu akinyoosha mkono sana anayafikia. Makinda watatu, manyoya yamesimama kama wametoka kugombana, midomo wazi kwa joto. Tabasamu alilala kifudifudi juu ya mbao, jicho kwenye kamera, shati limelowa mgongoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka amenuna.

"Kuna tete limepita usoni kwa yule mkubwa. Na jua haliwafikii. Lingesogea kidogo tu, ningekuwa na picha ya bango."

"Lisogeze."

"Hapana. Ukigusa pale, mama yao anaogopa. Tutasubiri upepo."

Akarudi kwenye benchi kuchukua betri nyingine kwenye begi lake. Geti akabaki peke yake na lile tete.

Mfukoni alikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo. Huwa hakosi. Akapiga magoti, akakusanya tete lile pamoja na wenzake kadhaa, akayavuta pembeni, akayafunga chini karibu na maji na kuuzungusha waya kama anavyofunga nondo siku zote. Jua likaingia moja kwa moja kwenye kiota. Alifurahi kama mtu aliyemwekea rafiki yake mlango mpya. Angefungua picha zikishapigwa.

Tabasamu aliporudi, macho yalimtoka.

"Upepo umenisaidia!"

"Umekusaidia," Geti akasema.

Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini jamaa alikuwa amelala chini anapiga picha, anacheka peke yake kama mtoto, na Geti hakutaka kumkatisha. Picha zilitoka nzuri kweli. Tabasamu akamwonyesha, akaibusu kamera, akasema twende mnarani, leo ni siku yetu. Akatangulia. Geti akatazama kule kwenye waya, akatazama mgongo wa rafiki yake, akamfuata.

Mnara ulikuwa wa mbao, wenye paa, mahali pa kuangalia kinamasi chote. Walikula mkate, wakapiga picha za kereng'ende waliotua kwenye kamba. Jua lilikuwa utosini. Kutoka juu Geti alimwona koikoi mkubwa amesimama majini, mbali na kiota chake, shingo imenyooka. Haendi mbele wala harudi nyuma.

"Mbona yule mama haingii kwake?" Tabasamu akauliza. "Saa hizi alitakiwa awafunike wanawe."

"Anatafuta chakula."

"Anatafuta nini, na amesimama tu?"

"Mimi nitajuaje? Ndege wako hao."

Hapo ndipo Geti alipojua kuwa mama anauogopa ule waya. Ngazi ilikuwa ile pale. Lakini kushuka kulitaka maelezo, na miguu ilimuuma, na akajiambia jua halijawahi kumuua ndege. Akakata mkate mwingine.

Waliporudi, binti mlinzi alikuwa amepiga magoti kwenye mbao, mbele ya kiota. Makinda walikuwa wamelala shingo zikining'inia, midomo bado wazi, na nzi wameshafika. Mkononi alishika waya. Sasa hakuwa na kicheko.

"Nani amefanya hivi?"

Tabasamu aliutazama ule waya, jinsi ulivyozungushwa. Mafundo hayo ameyaona kwenye kila uzio na kila mlango mtaani kwao. Hakumtazama Geti. Alingoja. Alingoja kiasi cha kumtosha mtu mzima kufungua kinywa, na Geti akaangalia viatu vyake.

"Mimi," Tabasamu akasema.

"Wewe, baba? Na langoni niliwaambia msiguse kitu?"

"Nilitaka picha. Nisamehe."

Binti akanyoosha mkono, Tabasamu akampa kibali. Hata hapo Geti alikuwa na nafasi. Mzee mzima, akamwogopa mtoto wa miaka ya binti yake.

Walitembea mpaka langoni. Nje, Tabasamu akawasha kamera, akafuta picha za makinda zote.

"Ningesema, ndugu yangu," Geti akaanza. "Maneno tu hayakuja."

"Kwenye mnara pia hayakuja?"

Geti akapangusa vumbi kwenye suruali yake.

"Haya. Fika salama, fundi," Tabasamu akasema. Hajawahi kumwita fundi. Hilo ni la wateja.

Geti alirudi siku ya pili kusema ukweli. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia wakubwa wameshampa mtu mwingine kazi ya mabango, na aliyedanganya kwa kujitwika kosa naye amedanganya. Koikoi alikuwa ameshahama.

Kwa hiyo hesabu ni hii: makinda watatu, na mama yao aliyeacha kiota. Kazi ya Tabasamu imekwenda, na heshima yake pale langoni imekwenda nayo. Studio ameifunga, anauza vocha. Na Geti amepoteza mtu mmoja aliyekuwa akimcheka. Wakikutana njiani husalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani, kisha kila mtu anashika njia yake.